Ufunguo Malaya

Baba alikuwa na kibanda Ruwi, nyuma ya stendi ya mabasi:
mlango wa bati, feni moja, funguo ukutani
kama dagaa waliosahauliwa juani.
Aliyepotelewa alikuja na kitasa mkononi,
baba akamuuliza, "Cha kabati, cha gari, au cha moyo?"
Kiswahili chake cha Wete hakikujua kunyamaza.

Mmoja ulikuwa haununuliki. Ulikaa ndani ya kopo la Nido.
"Huu," alisema, "ufunguo malaya. Hauchagui mlango."
Mama akajifunika uso kwa ukaya: "Baba Zuwena! Mbele ya mtoto!"
Nilicheka bila kujua nacheka nini.

Sasa nina miaka arobaini na moja, na maabara Al Khoudh.
Nje joto linayeyusha gundi ya viatu,
ndani nimevaa glavu mbili na sweta.
Mbele yangu sahani ya vishimo tisini na sita,
kila kimoja na tone lake,
na chini ya tone, seli za pafu zimetandikwa kama mkeka.
Natia kirusi. Natia dawa. Nangoja.
Mkeka ukifumuka, nimeshindwa.

Kirusi hakina jiko.
Huja mikono mitupu, na koti,
mwaka huu hili, mwakani jingine,
kikishaingia hushika sufuria zetu, chumvi yetu, moto wetu,
wala si mgeni wa kungojwa siku ya tatu apewe jembe:
kesho asubuhi kimeshazaa wenye nyumba wapya.
Wengi wanafukuzana na koti.
Mimi nataka kukinyang'anya mwiko.

Mara ya kwanza nilifunga jiko zima.
Virusi vyote vikafa: cha mafua, cha watoto wachanga, cha ngamia.
Nikapiga kelele, Bindu akaja mbio kutoka chumba cha pili,
akainamia hadubini, akakaa hapo muda,
kisha akasema kwa Kiarabu chake cha Kerala,
"Daktari, na seli pia."
Nyumba nzima ilikuwa imekufa njaa.

Alhamisi twenda Sinaw, soko la ngamia.
"Ngamia wangu haumwi," Hamdan anafoka.
"Haumwi. Ndiyo maana nimekuja."
Nachomeka pamba puani. Ngamia anapiga chafya:
miwani, barakoa, kifua, kote.
Wachuuzi wanacheka mpaka wanakaa chini.
Nami nacheka, ndani ya barakoa, nikihesabu siku kumi na nne.

Baba alianza kukohoa Jumapili.
Jumatatu wakampima pua, wakaandika: majibu yasubiriwe.
Jumanne usiku kifua chake kilikuwa kitasa kilichojaa mchanga.
Majibu yalifika Alhamisi, jina la kirusi kwa herufi kubwa,
yakatukuta tunasoma hitima.
Siwalaumu. Kila dawa waliyokuwa nayo
ilitaka kwanza kujua ni mlango upi.
Mimi natafuta kidonge cha Jumapili,
kidonge cha kabla ya jina.

Dawa namba mia mbili na kumi na saba
imekubali milango mitatu. Wa nne, imegoma.
Seli ziko hai; zimechoka kidogo, Bindu anasema, lakini hai.
Panya bado. Watu, mbali.
Pesa za mwakani, Mungu ajua.

Mama anapiga simu kutoka Mabela.
"Ushakula? Hiyo dawa yako ina jina?"
Namtajia namba.
"Namba si jina, mwanangu."
Nalitazama kopo la Nido, liko mezani, limeanza kutu.
"Jina linalo. Lakini ujifunike ukaya kwanza."
Kimya. Halafu anaelewa, anacheka,
anacheka kama yuko kibandani Ruwi,
na katikati ya kicheko anakohoa.

Mara moja tu.
Nami nimeshasimama.